Siku Nne za Gharib

Watu wa Nkwenda wakiniuliza kwa nini simsalimii Gharib, huwajibu kwamba nina sababu, na sababu yenyewe ina urefu wa siku nne. Wageni hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Na atakayesema kwamba namsengenya mtu asiyeweza kujitetea, ajue kuwa Gharib yu hai, amefungua duka la pili, na afya yake ni njema kuliko yangu.

Mimi naitwa Laurensia Kantengwa, ni fundi cherehani. Mama alinivusha Mto Kagera mgongoni mwaka ule watu wetu walipokimbia Rwanda. Nikakulia Nyakasimbi, tukilima migomba ya watu, nikajifunza kushona kwa masista, na mwaka uliofuata vita vya Kagera nikaja kuweka cherehani yangu kwenye kibaraza kimoja pale Nkwenda, kinachotazama magharibi. Ukuta wangu wa kulia ulikuwa pia ukuta wa nyumba ya Mgeni na mkewe Zuena, na ni habari za Zuena ninazotaka kuandika. Gharib ni shemeji yake, ndugu wa Mgeni. Laiti ningeweza kuziandika habari hizi bila kumtaja, lakini haiwezekani.

Zuena alizaliwa Kibingo, baba yake akifanya biashara ya ngozi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu, asiyecheka ovyo. Alipoolewa na Mgeni, baba mtu alikuja Nkwenda na kamba, akampimia binti yake kiwanja mbele za watu, akasema hiki ni chako wewe, si cha mumeo. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba ile alikuwa Polikarpi, balozi wetu wa nyumba kumi. Zuena alifyatua matofali ya nyumba ile kwa viangazi viwili, akibeba maji kutoka bondeni kwa kichwa. Mgeni, ambaye babu zake walitoka Pangani na msafara wa biashara wakasahau kurudi, akaweka duka upande wa mbele: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, vitenge. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi kwa adabu na mizaha midogo midogo niliyokuwa nikiisikia ukutani nikacheka peke yangu.

Mgeni alifariki Ijumaa moja mwanzoni mwa Septemba, mwaka 1986, kwa homa ya siku tatu. Wakamzika jioni ileile. Wanaume walipokuwa wakirudi kutoka makaburini, Mwalimu Shehe, anayefundisha madrasa, alisimama mbele ya kibaraza changu akaonyesha kidole juu ya vilima. Mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba kama ukucha. "Mfungo Nne huo," akasema, na wenzake wakautazama, na Gharib akiwa miongoni mwao akautazama pia. Nilimwona kwa macho yangu.

Nieleze, kwa wasiojua. Ndugu zetu Waislamu wenye asili ya pwani huhesabu miezi yao tangu Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mwezi wao ni ule wa angani, siku ishirini na tisa au thelathini, na siku yao huanza jua likizama. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, kwa miezi hiyohiyo ya angani. Zuena alifiwa mwezi ukiandama, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi kuliko zote: Mfungo Nne, Tano, Sita na Saba kamili, halafu siku kumi za Mfungo Nane. Hata mtoto wa madrasa angeweza kuifanya.

Na eda ya Nkwenda si mchezo. Labda kwingine mjane hutoka mchana kwa shida zake, lakini kwetu mjane hafiki hata mlangoni. Hajipambi, hajitii manukato, haonwi na mwanamume anayeweza kumwoa. Zuena alikaa chumba cha nyuma, na dirisha la chumba kile lilitazama uani, upande wa mashariki. Mwezi mchanga huonekana magharibi, tena kwa dakika chache tu jua likishazama. Alichokuwa anauona yeye ni migomba na ukuta wa choo.

"Laurensia," akaniambia siku ya tatu ya matanga, "wewe umekaa pale nje kutwa. Nikopeshe macho."

"Ya nini?"

"Ya mwezi. Ukiuona, uje uniambie. Sitaki kuhesabiwa siku zangu na mtu mwingine."

Nikakubali. Mkatoliki mimi, mtazama mwezi wa Waislamu. Paroko wetu angecheka, ingawa sikumwambia. Lakini kutazama mwezi sikufundishwa na Zuena. Mama yangu hakuwahi kuwa na kalenda. Mwaka wake ulianza mvua ya kwanza ya vuli ilipolowesha udongo kiasi cha kupanda mtama, na miezi yake aliipima kwa kutazama juu. Nilipopelekwa kuandikishwa, karani mmoja alimwuliza tarehe niliyozaliwa. Mama akamjibu sawasawa kabisa: mwezi wa pili wa mvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu, mwaka ambao panzi walikula maharage. Karani akacheka hadi akafuta machozi, kisha akaandika tarehe mosi Januari. Tarehe hiyo ninayo hadi leo. Nusu ya watu niliokua nao Nyakasimbi walizaliwa tarehe mosi Januari, wengine kwa mama mmoja wakiwa wamepishana mwaka kamili bila kukosea hata siku, na serikali haijawahi kushangaa.

Jambo hilo huniudhi mpaka kesho. Mama alitaja mvua, mwezi na panzi, vitu vitatu vilivyoonwa na kijiji kizima, akaitwa mjinga. Karani alitaja siku ambayo hakuna aliyeiona, akaitwa msomi. Nimekaa na cherehani yangu miaka mingi nikifikiri kwa nini watu hawahesabu siku kwa namna moja, na jibu nililolipata ni kwamba kila watu walihesabu kwa kile walichokitegemea. Mkulima alitegemea mvua, akahesabu mvua. Waarabu walisafiri jangwani mahali ambapo mvua haina habari, wakautegemea mwezi. Wazungu walitaka sikukuu zao zisihame kutoka baridi kwenda joto, wakalifuata jua. Serikali ilitaka kodi siku moja kwa wote, ikachukua ya Wazungu. Hakuna hesabu iliyo ya uongo hapo. Tunazichanganya wenyewe kila siku na hatuumwi: mimi huenda misa Jumapili, siku ambayo jina lake ni la pili katika juma lililoanza baada ya Ijumaa ya Waislamu, na sijawahi kumwona padre akilalamika. Uongo huanza pale mtu anapochagua hesabu kwa kutazama faida.

Mfungo Tano ulitupita mawinguni. Ilikuwa Oktoba, mvua inanyesha kila jioni, nikakaa na shingo yangu juu kama kuku anayekunywa maji, nisione kitu. Zuena akasema basi, jaza thelathini. Mfungo Sita niliuona vizuri, mwanzoni mwa Novemba. Nilipomwambia alitikisa kichwa na kuendelea kuchambua maharage. Alikuwa mtulivu wakati ule. Alilia asubuhi, alilia alasiri, alikuwa na msiba wake kama mtu yeyote.

Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Mwaka ule Gharib alijitolea kusimamia Maulidi ya Nkwenda nzima. Alichinja fahali, akaleta wasomaji kutoka Bukoba, akafunga turubai uwanjani. Siku ikatangazwa na Mwalimu Shehe kwa mwandamo uleule niliouona mimi: usiku wa kuamkia kumi na mbili. Ilikuwa Ijumaa, katikati ya Novemba. Gharib alivaa kanzu mpya, niliyoishona mimi na akanipunja bei ya vifungo viwili, akasimama akahutubia watu juu ya kufuata mwenendo wa Mtume. Zuena alisikia qasida kupitia dirishani. Nilimpelekea sahani ya pilau uani.

Mwanzoni mwa Desemba, Gharib alikuja kumjulia hali shemeji yake. Alisimama nje ya pazia, kama desturi inavyotaka, akapitisha mkono wenye kalenda mpya ya mwaka 1987, ile ya kutundika ukutani, yenye picha ya maporomoko ya maji. Mimi nilikuwa ndani nikimpima Zuena gauni.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya upole, "nimekuzungushia tarehe kumi na tano Januari kwa kalamu nyekundu. Septemba tano, Oktoba tano, Novemba tano, Desemba tano, Januari tano, na kumi juu yake. Usijisumbue kuhesabu. Tulia tu ndani mpaka hiyo."

"Ahsante, shemeji," Zuena akajibu.

Akaitundika. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia niendelee kupima. Mimi sikuelewa lolote. Nilidhani ni ukarimu, na kwa hilo najichukia mpaka leo.

Nilielewa juma lililofuata, Polikarpi balozi alipokuja kupunguziwa suruali. Balozi ni mtu wa maneno mengi akiwa amesimama na suruali ya kuazima, akingoja yake. Akaniambia kwamba ukoo wa marehemu utakaa Jumanne, tarehe kumi na tatu Januari, saa tatu asubuhi, kibarazani kwa Gharib, kuamua habari ya nyumba. Mwenye neno aje aliseme mwenyewe, hapokelewi mjumbe. Litakaloafikiwa ataliandika yeye na kulipeleka kata, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

"Na Zuena?" nikauliza.

"Zuena si yuko eda mpaka tarehe kumi na tano? Gharib ndivyo alivyoniambia."

Nilisimamisha cherehani. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kwa mwezi wa angani, Zuena angemaliza jioni ya tarehe kumi na moja. Kwa kalenda ya Gharib, tarehe kumi na tano. Katikati ya hizo, palepale palipostahili, mtu alikuwa amepanga kikao. Siku nne tu, na nyumba inakwenda.

"Waitu Balozi," nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "wewe ulishika kamba kiwanja kile kilipopimwa. Unajua ni cha nani."

Akatazama barabara. "Mimi ni mwandishi wa kikao, mama. Naandika yanayosemwa. Kama hakuna aliyesema, nitaandika nini?"

Nilimrudishia suruali yake ikiwa imepunguzwa mguu mmoja. Akaondoka nayo hivyohivyo, na sikujuta.

Nikaingia uani kumwambia Zuena. Nilitarajia alie au apige ukuta. Alikuwa ameketi chini ya ile kalenda, mikono magotini.

"Nilijua," akasema. "Mtu hakuletei kalenda kwa mapenzi. Tangu alipoileta sijui usingizi. Nenda kwa Mwalimu Shehe. Mwulize tu eda yangu inakwisha lini. Usimwambie lolote jingine."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa mbele ya madrasa, akikausha mbao za kuandikia wanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Laurensia. Karibu."

Nikamwuliza. Alipangusa mbao moja, akapangusa ya pili, ambayo ilikuwa tayari imekauka.

"Hayo ni mambo ya ukoo," akasema.

"Mwezi ni wa ukoo, Mwalimu? Wewe ndiye uliyenionyesha, jioni ya maziko."

"Gharib ni mtu mkubwa. Haya mabati unayoyaona juu ya watoto, ni yeye." Akainua macho kwenye paa. "Na wewe, usinichukie kwa kusema hivi, wewe si Mwislamu. Mwezi uliouona wewe hauwezi kutolewa ushahidi."

Kwa hiyo macho yangu yaliyotosha kutunga uzi kwenye sindano, yakatosha kushona kanzu aliyovaa wakati ule, hayakutosha kuona mwezi. Nilimwambia hivyo, kwa heshima kadiri nilivyoweza, nayo haikuwa nyingi. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu. Kinachonikera zaidi si Gharib. Mwizi anajulikana ni mwizi. Ni hawa wawili waliojua: mmoja alijua mwezi, mwingine alijua kiwanja, na wote wawili wakageuka mabubu.

Mwezi wa Mfungo Nane ulinikuta kibarazani jioni ya mwaka mpya. Nkwenda nzima ilikuwa imelewa rubisi, ngoma zinalia, watu wanapongezana kwa kuingia 1987. Mimi nilikuwa na mawingu na kipande kidogo cha anga juu ya kilima. Ukatokea hapo, kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, ukapotea. Niliingia uani nikamwambia Zuena. Akasema, "Kumi," basi.

Sasa niseme jambo ambalo sitalisamehe. Mjane akimaliza eda huwa hatoki hivihivi tu. Wanawake wazima humwogesha, humvalisha nguo mpya, humfukizia udi, humsomea dua, watu wakala. Hapo ndipo anaporudishwa kwa walio hai. Zuena alinituma kwa wanawake watano, mmoja baada ya mwingine, waje Jumapili ile ya tarehe kumi na moja jua likizama. Wote watano walinijibu kwa maneno yanayofanana: tarehe kumi na tano, Gharib amesema. Mmoja wao alikuwa shoga yake tangu utotoni, walikuja wote Nkwenda mwaka mmoja. Huyo hata hakunikaribisha kiti.

Zuena akajiogesha mwenyewe. Mimi nilimmwagia maji. Nilimwambia labda si sawa, mimi Mkristo, akasema maji hayana dini, mwaga. Akavaa gauni nililomshonea, la kijani, akakaa ndani Jumapili usiku na Jumatatu kutwa bila kutoka. Nilimwuliza anangoja nini wakati yuko huru.

"Nikitoka leo, Gharib atakisogeza kikao," akasema. "Mwache aamini kwamba nipo ndani."

Jumanne nilifunga cherehani kwa turubai nikaenda kusimama kando ya kibaraza cha Gharib, pamoja na wanawake wengine waliokuja kutazama. Wazee wa ukoo walikuwa saba. Mwalimu Shehe alikuwepo kufungua kwa dua. Polikarpi alikuwa na daftari, na suruali yake ilikuwa bado mguu mmoja mrefu. Gharib akazungumza vizuri, maana anajua kuzungumza. Akasema ndugu yake hakuacha mtoto, mjane akishamaliza eda atarejea kwao Kibingo kwa heshima zote, na nyumba ya Mgeni ni ya ukoo wa Mgeni. Akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo," Zuena akasema.

Alikuwa amepita nyuma ya duka, akaingia kwa upande wa uwanjani. Gauni la kijani, mtandio mweupe. Wanawake waliokuwa karibu nami walijitenga naye kana kwamba anaungua. Mzee mmoja akajiziba uso.

Gharib hakubabaika. Nampa haki yake, hakubabaika. "Mnaona," akawaambia wazee kwa huzuni ya kujitengenezea. "Mnaona aibu hii. Eda ya mume wake haijaisha, na huyu amevaa rangi. Mwanamke anayevunja eda ya ndugu yangu hana neno katika nyumba ya ndugu yangu. Shemeji, rudi ndani. Kalenda niliyokupa haikukwambia tarehe?"

"Imeniambia," Zuena akajibu. "Nina swali moja, shemeji, kisha nitarudi ndani mkitaka. Ramadhani iliyopita, ulifunga kwa kalenda hiyo?"

Wazee wakamgeukia Gharib.

"Hilo halihusiani," Gharib akasema.

"Maulidi je? Ulichinja fahali. Ulichinja kwa kalenda ya maporomoko ya maji?" Akamgeukia Mwalimu Shehe. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na mimi niliyemjua nilijua jinsi alivyokasirika. "Mwalimu, Maulidi mlisoma usiku wa kuamkia siku ya ngapi ya mwezi, na ilikuwa tarehe ngapi kwa hesabu ya serikali? Balozi, nakuomba uandike atakavyojibu."

Mwalimu Shehe akamtazama Gharib.

"Watu wote hawa walikula," Zuena akasema. "Kama mwezi haukuwa huo, waambie kwamba walikula Maulidi ya uongo, na aliyewalisha ni Gharib."

Hapo ndipo alipomkamata, na alimkamata kwa fahali wake mwenyewe. Gharib hangeweza kuikana Maulidi yake mbele ya waliokula. Mwalimu hangeweza kukana mwandamo aliotangaza mwenyewe. Akaanza kuhesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikicheza, na kila mtu pale akimtazama kidole gumba kikipanda na kushuka.

"Maulidi ilikuwa kumi na nne Novemba, usiku wa kumi na mbili Mfungo Sita," akasema mwishowe. "Mwezi wa yule mama Mkristo tuuache kando. Tukijaza Mfungo Sita thelathini, na Mfungo Saba thelathini, tukaongeza kumi..." Akarudia kifundo cha mwisho. Nilidhani ataimeza hesabu. "Hata tukimzidishia kila siku inayoweza kuzidishwa, eda ilikwisha jana magharibi."

"Sema tena, Mwalimu, nisikie vizuri kuandika," Polikarpi akasema. Sijui aibu ilimwingia saa ngapi, lakini ilikuwa imemwingia.

"Imekwisha. Ana haki ya kusema."

Zuena akasema. Alisema juu ya kiwanja, kamba, baba yake, na mtu aliyeshika ncha ya pili. Alipomtaja, Polikarpi aliweka kalamu chini, akasimama na suruali yake ya upande, akasema ni kweli, mimi nilikuwepo, kiwanja kilipewa binti. Kisha akaketi akaandika maneno yake mwenyewe. Wazee wawili wakadai nao walikumbuka. Walikumbuka haraka sana, wale wazee. Kabla ya adhuhuri ilishaandikwa kwamba nyumba ni ya Zuena, na bidhaa za dukani zigawanywe kwa sheria ya mirathi. Gharib akatia sahihi. Aliniangalia akitia sahihi, kana kwamba mwezi niliutengeneza mimi.

Wanawake wakatufuata njiani. Walewale. Yule shoga yake akamshika mkono, akasema twende tukakufanyie dua, mwenzetu, tukupikie, umetoka. Zuena akautoa mkono wake taratibu. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu kwa niaba yake, na niliyatoa yote, barabarani, mbele ya waume zao, mpaka wakabaki nyuma.

Tulipofika mlangoni kwake nilitaka niingie nimpikie uji, maana tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni. Akanizuia kwa kiganja.

"Laurensia, tangu alipoleta kalenda ile sijamlilia Mgeni hata siku moja," akasema. "Kila nikianza kulia naogopa nitasahau leo ni siku ya ngapi. Nyamaza, uhesabu, nilikuwa najiambia. Nimemwacha mume wangu peke yake kaburini zaidi ya mwezi mzima, kwa ajili ya hesabu. Sasa niache."

Akaingia, akafunga.

Nikatoa turubai kwenye cherehani, nikaketi. Kilio kilianza kabla sijatunga uzi, si kile cha kujizuia nilichokizoea ukutani Septemba ile. Alilia kwa sauti, akimwita jina, kama wanavyolia wanaoletewa maiti mlangoni. Mwanamume mmoja mgeni, aliyekuja mnadani kununua maharage, akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Poleni, mama," akasema. "Nani amefariki?"

"Mgeni," nikamwambia. "Mume wa huyu."

"Lini?"

Nikamwambia leo asubuhi.